Viatu vya Ngazi

Bwenini, 14 Januari

Babu, shikamoo. Bibi, shikamoo na wewe, maana najua umesimama nyuma ya Babu unasoma juu ya bega lake.

Nimefika salama. Kitanda cha bweni ni kifupi. Nalala nimejikunja kama mkasi, na matroni ameahidi kumwita seremala. Wasichana wameshanipa jina. Siku ya kwanza tu balbu ya chumba iliungua, nikanyoosha mkono nikaibadilisha bila kupanda kiti. Mmoja akapiga kelele, "Jamani, tumeletewa ngazi!" Tangu hapo mimi ni Ngazi, hata kwa walimu. Msikasirike. Huko nyumbani watu waliniita "wewe mrefu", nalo halikuwa jina la heshima zaidi.

Sasa habari yenyewe. Ukumbi wa mpira wa kikapu una sakafu ya mbao! Mpira ukidunda, mdundo wake unausikia kifuani. Kocha ni mama mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, safari iliyomchukua muda, kisha akasema, "Wewe ni senta. Senta anakaa chini ya kikapu. Mpira ukikosa kuingia na kurudi, ni wako. Adui akija kufunga, mkono wako ndio mlango. Umeelewa?" Nikamjibu nimeelewa. Sikuelewa kitu, Babu, lakini moyo ulikuwa unakwenda mbio kama cherehani ya jirani yetu.

Senta wa timu yupo tayari. Ni mwanafunzi wa darasa la mwisho, anaitwa Kabati, na ukigongana naye utajua kwa nini. Tatizo jingine ni viatu ulivyonishonea. Soli zake zinaacha mistari myeusi kwenye mbao. Mzee anayetunza ukumbi alinifuata na kitambaa, akauliza, "Huyu amevaa viatu au amevaa mkaa?"

Kila mwaka klabu ya wanawake ya kulipwa huja kutazama fainali ya shule, na huchukua senta mmoja wa kumlea katika timu yake ya vijana. Mmoja tu. Nataka niwe huyo. Nimekwambia wewe kabla ya mtu yeyote.

Mjukuu wako,
Ngazi


Kibandani, 29 Januari

Mke wangu,

Marahaba. Bibi yako naye anaitika marahaba, na anakanusha kwamba alisoma barua juu ya bega langu. Amekanusha huku pua yake imo sikioni mwangu.

Ngazi ni jina zuri. Ngazi hutumika. Wako watu wenye majina ya kupendeza ambao hawatumiki kwa lolote.

Kuhusu soli, aibu ni yangu. Nilitumia mpira wa gurudumu la gari, ambao hufaa barabarani. Mbao zinataka mpira mweupe, laini. Nimeshaupata. Mwambie mzee wa ukumbi kwamba fundi anamwomba radhi na kwamba mkaa umekwisha.

Sasa nisikilize vizuri. Kiatu cha mchezaji si kiatu cha kuendea sokoni. Nitakushonea jozi mpya kila muhula, nami sishoni kwa kukisia. Weka karatasi sakafuni, simama juu yake kwa uzito wako wote, na mtu mwingine akuzungushie kalamu. Usijichoree mwenyewe; ukiinama, mguu hubadilika. Nikipata kipimo hicho nitakuchongea kalibu yako, ule mguu wa mti ambao kiatu hushonewa juu yake. Nitaitundika ukutani mbele ya meza yangu, na chini ya unyayo nitaandika "Ngazi".

Habari ya klabu nimeiweka moyoni. Nimemwambia mtu mmoja tu, bibi yako. Kwa hiyo sasa mtaa mzima unajua.

Babu yako,
Fundi viatu


Bwenini, 11 Mei

Babu na Bibi, shikamooni.

Viatu vyeupe viliniingia kama mkono kwenye mfuko! Nilivivaa muhula wote, na mzee wa ukumbi sasa ananisalimu. Babu, najifunza kila siku. Nimejifunza kumkalia adui mgongoni bila kumsukuma, nimejifunza kuuona mpira utakapoangukia kabla haujagusa ule ubao wa nyuma ya kikapu. Juzi Kabati aliruka na mimi nikaruka, mpira nikauchukua mimi! Alitua akaniambia, "Ngazi, umeanza kuwa na tabia mbaya." Kocha alicheka hadi filimbi ikamtoka mdomoni. Ameniambia nikiendelea hivi, fainali tutagawana muda mimi na Kabati, na watu wa klabu watatuona wote wawili.

Seremala ameurefusha kitanda. Mlango wa bwalo umeanza kunigonga paji la uso. Inabidi niingie nikiinama kama mtu mwenye adabu.

Wasichana ni watani sana. Walivitia maji viatu vyangu wakaviweka mlangoni pa bwalo ili watu wanawie mikono, wakasema ni mabeseni. Shule nzima ilinawa. Mimi nilicheka nao.

Nimeambatanisha karatasi ya kipimo cha muhula huu. Utaona kipimo ni kile kile. Nadhani mguu umetulia.

Ngazi


Kibandani, 2 Juni

Mke wangu,

Marahaba. Viatu vimo ndani ya mzigo huu. Nimeiweka karatasi yako juu ya ile ya kwanza, nayo haikupungua wala kuzidi hata upana wa uzi. Nimeshukuru. Kalibu uliyonifanya niichonge kwa majuma mawili bado ni halali. Bibi yako alikuwa na hofu kwamba ukiendelea kukua tutakosa ng'ombe mwenye ngozi ya kukutosha.

Kuhusu mlango wa bwalo, nimecheka. Huo mlango ndio wenye kosa. Fundi aliyeujenga alikuwa mfupi.

Hao wenye kunawa viatuni waambie hivi: kiatu cha fundi wa kweli hakivuji, na wamelithibitisha wenyewe. 

Ongeza bidii. Fainali haiko mbali. Nilipoweka mshono wa mwisho nilimwambia jirani mwenye cherehani, "Hivi vitaruka mbele ya watu wa klabu." Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia viatu ni vyangu na mguu ni wangu.

Babu yako


Ofisi ya michezo, 8 Agosti

Kwa mzee, fundi viatu,

Mimi ni kocha wa mjukuu wako. Samahani kwa kukuandikia bila kutanguliza hodi.

Binti huyu alianza mwaka kama moto. Kwa miezi miwili sasa haruki. Anakimbia kwa kuburura nyayo kama mtu anayevuka sakafu ya maji, na mpira ukija juu anausindikiza kwa macho. Nikimuuliza, anajibu, "Niko sawa, Mwalimu." Daktari wa shule alimpima kifua na damu, hakuona kitu. Nimelazimika kumweka benchi. Fainali ni mwezi ujao, na sitaweza kumweka mbele ya klabu mchezaji asiyetaka kuruka.

Je, kuna jambo la nyumbani linalomsumbua? Ukiniambia, nitashukuru.

Kocha


Kibandani, 15 Agosti

Mjukuu wangu,

Sikuiti mke wangu leo. Kocha wako ameniandikia. Anasema huruki. Anasema umekaa benchi, na kwamba kiwiliwili ni kizima.

Huku nyumbani hakuna aliyekufa wala anayeumwa. Bibi yako anapigana na majirani kama kawaida. Kwa hiyo nimetafuta sababu, nikaona moja tu: umeonja sifa na sifa zimekushibisha. Uvivu hauanzii mikononi, huanzia mahali mtu anapojiona amefika. Nimekushonea viatu vya kurukia, si vya kukalia benchi. Watu wa klabu hawatakuja mara mbili.

Bibi yako ananiambia nilainishe maneno. Sijayalainisha.

Babu yako


Bwenini, 23 Agosti

Babu, shikamoo.

Mimi si mvivu.

Bibi, shikamoo.

Ngazi


Bwenini, 19 Septemba

BABU! BIBI! Shikamooni, shikamooni!

Tumeshinda! Niache nianze mwanzo, la sivyo nitawachanganya.

Robo tatu za kwanza nilikaa benchi. Watu wa klabu walikuwa wamekaa mstari wa mbele, bwana mmoja na bibi mmoja, wameshika kalamu, hawacheki. Kabati alikuwa anacheza kama nyumba inayotembea. Lakini wapinzani walimjua. Walimwendea kifuani kila mara, refa akawa anapuliza, na robo ya mwisho ilipoanza tu akapata faulo yake ya tano. Ukipata tano unatoka, husikilizwi. Alipita mbele yangu jasho linamtiririka, akaniambia, "Ngazi, nenda kapande."

Nikaingia. Nikaruka! Babu, niliruka! Mpira wa kwanza uliorudi niliuchukua juu ya vichwa vyao vyote. Kocha alisimama juu ya kiti. Nikasikia anapiga kelele, "Huyu alikuwa wapi? Huyu alikuwa wapi miezi yote hii?"

Mwisho tulikuwa mbele kwa kikapu kimoja. Mpira walikuwa nao wao. Mchezaji wao mwepesi alimpita mlinzi wetu, akamwacha, akaja moja kwa moja chini ya kikapu kwangu. Nikayakumbuka maneno ya Kocha siku ya kwanza, kwamba mkono wangu ndio mlango. Nikaufunga! Niliupiga mpira, kengele ikalia ungali hewani, ukaenda ukamgonga mzee wa ukumbi pale alipoketi, naye akaukumbatia kama mtoto, akakataa kuuachia!

Bibi wa klabu alinijia na kalamu yake. Akaniuliza umri, akaniuliza nimeanza lini. Kisha akasema wamemtafuta senta mmoja na wamempata. Ni mimi, Babu. Nikimaliza shule mwakani naingia timu yao ya vijana, nikifuzu huko, timu ya wakubwa. Mimi.

Nakimbia, tunaitwa kupiga picha.

Ngazi wenu


Kibandani, 26 Septemba

Mjukuu wangu,

Barua yako na gazeti vimefika siku moja. Kinyozi wa mtaa wetu alikimbia nalo barabara nzima, wateja wake wakibaki na nusu vichwa. Picha ni kubwa. Wewe uko hewani, mkono juu, mpira umeondoka, mdomo umeufungua kama mlango wa ghala. Kibanda kilijaa watu. Wengine walisema, "Tazama mkono!" Wengine wakasema, "Tazama urefu aliopaa!"

Mimi nilichukua miwani yangu ya kazi, nikatazama viatu.

Umevikata.

Kiatu cha kulia kimekatwa ncha, kuanzia mshono wa mbele, kwa kisu kibaya. Soksi imetoka nje, na ndani ya soksi nimeviona vidole vimejipanga kama watu wanaochungulia dirishani. Cha kushoto hakionekani vizuri, lakini sina matumaini nacho. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kukata kiatu changu. Niliwafukuza watu wote kibandani. Walidhani nimeingiwa na furaha nyingi mno.

Nilikaa na hasira yangu nusu siku. Kisha nilifungua barua zako zote tena. Mwezi wa Mei ulisema mlango wa bwalo umeanza kukugonga. Januari ulikuwa unaupita. Mtu ambaye mguu wake umetulia hagongi kichwa mahali alipokuwa akipita. Nilisoma, nikacheka, nikamlaumu fundi wa mlango. Seremala alijua, kitanda kilijua, mlango ulijua. Fundi wako ndiye hakujua.

Nilikuita mvivu. Kumbe ulikuwa umefungwa miguu, na aliyekufunga ni mimi, kwa uzi mzuri wa nta. Nisamehe.

Lakini na mimi nataka jibu. Ile karatasi ya Mei ni mguu wa nani?

Babu yako

Bibi yako anaongeza: Mke mwenzangu, amelia. Amesema ni gundi.


Bwenini, 4 Oktoba

Babu wangu, shikamoo.

Ile karatasi si mguu wa mtu. Nilikitoa kitambaa cha ndani cha kiatu cha zamani, nikakilaza kwenye karatasi nikakizungushia kalamu. Ilikuwa ni siku ile waliyonawa mikono. Nilicheka nao, nikaenda bafuni, nikaitazama miguu yangu nikaichukia. Nikasema basi, haitakua tena hata kwa karatasi. Nilidhani ukiletewa kipimo kikubwa utamwonyesha Bibi, Bibi atamwonyesha mtaa, na mtaa nao utanawa.

Vilipofika vile vipya vilinibana tangu siku ya kwanza. Ningesemaje? Ulikuwa umeandika kwamba kipimo kimekufurahisha. Nikiruka, kutua kulikuwa kama kutua juu ya meno. Nikaacha kuruka. Ulipoandika kuhusu uvivu, nilitaka kukwambia, kalamu ikakataa.

Wakati wa mapumziko ya fainali nilivivua chini ya benchi ili nipumzishe vidole. Mzee wa ukumbi akaviona, vyekundu kama pilipili. Alitoa kisu chake cha kukwangulia rangi, akasema, "Binti, viatu ni viwili, nafasi ni moja. Chagua." Nilikata mwenyewe, Babu, sikumwachia. Kila nilipopitisha kisu nilikuwa nakuomba radhi kwa sauti, hata Kabati akadhani nasali.

Sasa nakuletea kipimo cha kweli. Nimesimama kwa uzito wangu wote. Aliyezungusha kalamu ni Kabati. Unajua kwamba naye aliitaka nafasi ile ya klabu, na huu ni mwaka wake wa mwisho. Siku mbili hakusema nami. Siku ya tatu alikuja na karatasi na kalamu, akapiga magoti. Karatasi moja haikutosha, ikabidi agundishe mbili. Alipomaliza aliishika juu, akasema, "Ngazi, huu si mguu, hii ni ramani. Mpelekee babu yako aweke mipaka." Nikacheka, Babu, na safari hii nilicheka kweli.

Mke wako, kama bado nakubalika,
Ngazi


Kibandani, 13 Oktoba

Mke wangu,

Unakubalika. Ramani nimeibandika ukutani kibandani, mbele ya watu wote. Anayecheka simshonei.

Kalibu mpya imekwisha, nayo nimeiandika "Ngazi" chini ya unyayo. Ile ya zamani bibi yako anazuia nayo mlango. Viatu vimo ndani ya mzigo huu, na nafasi ya vidole imeachwa ya kutosha. Ukiona vinabana, hata kidogo, hata kama barua yangu ina furaha kiasi gani, andika neno moja: "Vinabana."

Ruka.

Babu yako


Hosteli ya klabu, 3 Machi, mwaka wangu wa pili hapa

Babu, Bibi, shikamooni.

Kaeni chini kwanza. Bibi, na wewe kaa.

NIMESAINI! Timu ya wakubwa! Jana kocha mkuu aliniita ofisini, akanisogezea karatasi na kalamu, akasema, "Hongera, sasa utaacha kubeba mipira ya wenzako." Mimi ni mchezaji wa kulipwa! Senta wao wa zamani amestaafu, goti limemshinda, na mchezo wa ufunguzi wa ligi nitaanza mimi. Nilisaini kwa haraka hadi saini ikapanda mlima. Kabati, ambaye sasa ni mwalimu wa michezo, nilimpigia simu akapiga yowe wanafunzi wake wakadhani kuna moto.

Babu, kuna jambo jingine, nawe uliniagiza nisikufiche kinachobana.

Klabu imefunga mkataba na kiwanda cha viatu. Kila mchezaji lazima avae viatu vya kiwanda hicho, na viatu ulivyonishonea siruhusiwi kuingia navyo uwanjani. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba viatu vyao vya urefu wa mguu wangu ni vya wanaume. Vidole vinakaa, kisigino kinaelea. Jana mazoezini nilitua, kiatu kikabaki, mguu ukaenda. Kocha mkuu amesema, "Anayeteleza haanzi." Akiona bado nateleza, mchezo wa ufunguzi atamwanzisha mwingine, na mwingine huyo ananisubiri kama paka.

Fundi wa kiwanda amesema wanaweza kunitengenezea jozi yangu peke yangu, lakini awe na kalibu ya mguu wangu. Kuichonga upya kutachukua muda hadi ligi iwe imeanza.

Kalibu yangu iko mahali pamoja tu. Sijaiomba. Nakuambia tu ilipo.

Ngazi


Nyumbani, 10 Machi

Mke mwenzangu,

Naandika mimi, mwandiko uvumilie. Babu yako hajui.

Barua yako ameisoma mara nyingi. Ile sehemu ya kusaini aliisoma kwa sauti, akatoka nje akawasomea na wapita njia. Ile sehemu ya viatu ameisoma kimya. Anasema hana hasira. Mtu asiye na hasira hapigi misumari kwenye kiatu ambacho kimekwisha. Ameishusha kalibu ukutani, ameifuta, ameirudisha. Ameishusha tena, ameipaka nta, ameirudisha. Nilimwambia, "Mzee, huo ni mti, si mtoto mchanga." Akaniambia, "Wewe hujui."

Najua sana. Tangu uanze kucheza, kila uliporuka alikuwa anaruka na wewe kwa chini. Sasa anaona kama wanamvua.

Usimwombe. Ukimwomba atakataa, kisha atajuta. Mwache.

Nakupenda. Kula.

Bibi


Kibandani, 14 Machi

Mke wangu,

Hongera. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya kazi. Bibi yako atakwambia vinginevyo, na najua ameshakwambia, maana wino umepungua.

Kalibu imo ndani ya sanduku hili, imefungwa kwa flana. Isikae juani, itapasuka. Mkabidhi fundi wa kiwanda mkononi mwake, si mkononi mwa karani. Mwambie hivi: kisigino kibane, vidole vipumue, na upande wa nje wa mguu wa kulia una mfupa uliochomoza ambao ramani haiuonyeshi, lakini kalibu inauonyesha. Mwambie pia kwamba mjukuu wangu ana desturi ya kunyamaza kinapombana, kwa hiyo asikuulize wewe, akiulize kidole.

Nilikuwa nimeanza kukata ngozi ya jozi yako ya ufunguzi. Ngozi hiyo nitamshonea bibi yako viatu vya kuja kukutazama. Amesema anataka vyenye kisigino kirefu ili akuone vizuri. Nimemkatalia, nitakubali kesho.

Kalibu irudi. Kiatu kiwe chao, mguu ni wetu.

Babu yako


Hosteli ya klabu, 2 Aprili

Babu, shikamoo!

Vimefika leo asubuhi. Nilivivaa nimefumba macho, nikasimama, nikajikuta kibandani kwako. Nikaruka papo hapo, chumbani, nikagonga dari! Havitelezi. Kidole kimeulizwa, kimejibu vizuri.

Fundi wa kiwanda ameirudisha kalibu kwa mkono wake. Aliigeuza, akasoma "Ngazi" chini ya unyayo, akauliza nani aliyeichonga. Nikamwambia mume wangu. Alibaki ananitazama, nikamwacha hivyo hivyo.

Kocha mkuu amelisoma jina langu kwenye orodha ya wanaoanza. Tiketi zenu zimo humu, mstari wa mbele kabisa, usawa wa sakafu, ili Babu uvione viatu vizuri.

Njooni!

Ngazi


Kibandani, 20 Aprili

Mke wangu,

Tumerudi salama. Bibi yako amepoteza sauti yote kwa kumgombeza refa, na nyumba imepata amani tusiyoizoea. Yule bwana aliyekaa kando yetu, aliyepigwa mkoba kichwani ulipofunga kikapu cha kwanza, tulimwomba radhi. Alisema hajambo, akauliza kama mchezaji ni wetu. Bibi yako akampiga tena kwa furaha.

Nilikwenda na nia. Nilibeba miwani ya kazi. Tangu ujana wangu nawatazama watu kuanzia chini. Mtu akiingia kibandani najua kiatu chake kabla sijajua sura. Nilikusudia kutazama kama kisigino kinaelea, kama soli inashika mbao, kama wamekishona kidole nilivyowaagiza. Tiketi yako ilikuwa nzuri kwa kazi hiyo. Viatu vyako vilikuwa vinapita karibu na magoti yangu.

Kisha refa akaurusha mpira juu katikati ya uwanja, nawe ukaufuata.

Leo jirani mwenye cherehani amekuja mapema. Amekaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Haya, fundi, tupe habari. Viatu vya kiwanda vikoje? Vya rangi gani? Vimeshonwa au vimegundishwa?" Nilifungua kinywa nimjibu. Nilitafuta kichwani, sikuona kiatu hata kimoja.

Nikamwambia akamuulize mke wangu mkubwa, atamjibu kwa ishara. Mimi nilikuwa natazama juu.

Babu yako,
Fundi viatu